Mbio za Durban na siri ya misuli inayojijenga upya

Leo tunakwenda Durban, mji wa bandari katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, kufuatilia habari mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina uhusiano. Ya kwanza ni historia ya mbio za Comrades, mbio za masafa marefu zinazounganisha Durban na mji wa Pietermaritzburg. Ya pili ni historia ya ugunduzi wa kisayansi: kwamba kinga ya mwili, ile tunayoijua kwa kupambana na maradhi, ndiyo pia inayosimamia ukarabati wa misuli iliyojeruhiwa.

Habari hizi mbili zinakutana katika miguu ya mkimbiaji, na zinazaa swali linalomhusu kila mtu aliyewahi kubeba mzigo mzito, kuteguka au kuumia uwanjani: je, maumivu na uvimbe ni adui wa kuzimwa haraka iwezekanavyo, au ni kazi ya ujenzi ambayo haifai kuvurugwa?

Kumbukumbu ya vita

Historia ya mbio za Comrades haianzii Durban. Inaanzia katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Vic Clapham, dereva wa treni wa Afrika Kusini aliyezaliwa Uingereza, alijiunga na kikosi cha nane cha askari wa miguu wa nchi hiyo. Wanajeshi wa Afrika Kusini walipelekwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Wajerumani kuwaandama Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake. Clapham alitembea takriban kilomita 2,700 katika kampeni hiyo, juani na matopeni, katikati ya malaria na kuhara damu.

Wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaitaja kampeni hiyo kila siku pengine bila kujua. Jina la Kariakoo, na lile la Kariokor, yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliobeba risasi, chakula na majeruhi wa majeshi ya Uingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walifariki dunia, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu wala si kwa risasi.

Clapham alirudi nyumbani akiwa na wazo moja. Alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe si kwa mnara wa mawe, bali kwa jaribio la uvumilivu wa mwili. Alikiomba kibali chama cha askari wastaafu wa vita hivyo, akakataliwa, kwa hoja kwamba mbio hizo zingekuwa ngumu kupita kiasi. Yeye alijibu kwamba ikiwa watu waliotolewa madukani na ofisini waliweza kutembea nusu ya bara la Afrika wakiwa na mizigo mgongoni, basi mwanariadha aliyejiandaa ataweza kukimbia kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1921 alikubaliwa, na akakopeshwa pauni moja kugharimia maandalizi.

Tarehe 24 Mei mwaka 1921, wanaume 34 waliondoka Pietermaritzburg kuelekea Durban. Waliofika mwisho walikuwa 16. Mshindi, Bill Rowan, alitumia muda wa saa 8 na dakika 59. Tangu hapo mbio hizo zimefanyika kila mwaka, isipokuwa kati ya mwaka 1941 na 1945 kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, na miaka ya 2020 na 2021 kwa sababu ya janga la korona. Mwaka 2000, zilipotimia mara ya 75, waliojiandikisha walizidi 23,000.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba kwa zaidi ya nusu karne mbio hizo zilikuwa za wanaume weupe tu. Frances Hayward alikimbia mwaka 1923 bila kutambuliwa rasmi kwa kuwa alikuwa mwanamke. Robert Mtshali alikimbia mwaka 1935 na kumaliza kwa muda wa saa 9 na nusu, naye hakutambuliwa kwa kuwa alikuwa Mwafrika. Milango ilifunguliwa rasmi mwaka 1975, na miaka 14 baadaye, mwaka 1989, Sam Tshabalala akawa mshindi wa kwanza mweusi.

Mteremko unaochana misuli

Kwa kawaida mbio za Comrades hubadilisha mwelekeo kila mwaka. Mwaka mmoja wakimbiaji hupanda kutoka Durban, mwaka unaofuata huteremka kutoka Pietermaritzburg. Umbali ni karibu kilomita 90. Kuna sehemu ya barabara iliyoko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na katikati kuna vilima vitano vinavyojulikana kwa majina: Polly Shortts, Inchanga, Botha's Hill, Fields Hill na Cowies Hill.

Asiyezoea atadhani mwaka wa kuteremka ni mwaka wa nafuu. Wakimbiaji wazoefu wanajua kwamba mteremko ndio unaoadhibu mapaja. Mtu anapopanda mlima, misuli ya paja hujikunja na kumsukuma juu. Anapoteremka, misuli ile ile hufanya kazi ya breki: inajikaza ili kumzuia asianguke, na papo hapo uzito wa mwili unaivuta na kuirefusha. Kuvutwa huku ikiwa imekaza, kwa maelfu ya hatua, ndiko kunakochana nyuzi ndogo ndogo ndani ya msuli. Fields Hill peke yake ni mteremko wa takriban kilomita tatu, na mkimbiaji huufikia wakati miguu imekwisha kuchoka.

Cha ajabu ni kwamba maumivu makali hayaji siku ile ile. Huja kesho yake na keshokutwa. Ndipo utamwona mtu aliyekimbia kilomita 90 akishindwa kushuka ngazi, au akizishuka kinyumenyume huku ameshika ukuta. Mkulima aliyelima shamba jipya siku ya kwanza ya masika anayajua maumivu hayo, kadhalika hamali na mchezaji aliyerudi uwanjani baada ya mapumziko marefu.

Mtaalamu wa Marekani, Theodore Hough, aliyachunguza maumivu haya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1902 alieleza kwamba yanatokana na kuchanika ndani ya msuli wenyewe. Lakini swali lilibaki: kama msuli umechanika leo, kwa nini uume kesho? Na nani anayeushona?

Mwiba na kiti cha pwani

Ili kupata jibu, msikilizaji, inatubidi tuiache Durban kwa muda na kurudi nyuma zaidi.

Katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kirumi aitwaye Celsus aliorodhesha dalili nne za mahali palipoumia: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa karne nyingi baadaye waganga walizitazama dalili hizo kama ugonjwa wenyewe, na waliona wajibu wao ni kuziondoa.

Mtazamo huo ulianza kubadilika mwishoni mwa mwaka 1882 huko Messina, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia. Mwanasayansi Ilya Mechnikov, mzaliwa wa Himaya ya Urusi, alichukua watoto wachanga wa kiti cha pwani, kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao miili yao hupitisha mwanga kama kioo. Akawachoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi yake alipotazama kwa hadubini, alikuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba kila upande, zikijaribu kuumeza. Mechnikov alitambua kwamba mwili haukuwa umelala ukisubiri kuponywa. Ulikuwa umetuma askari wake. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Seli zile zinazomeza ndizo leo zinaitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Kwa miongo mingi ziliheshimiwa kama askari wa zamu na wafagiaji: kazi yao ilikuwa kula vijidudu na uchafu. Hakuna aliyezidhania kuwa mafundi wa ujenzi.

Kwa upande wa msuli, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1961. Alexander Mauro, akifanya kazi mjini New York na kutumia hadubini ya elektroni, aliona katika msuli wa chura seli ndogo zilizobanwa pembezoni mwa kila uzi, chini ya utando wake wa nje. Aliziita seli satelaiti, na akadokeza kwamba huenda zinahusika na kujijenga upya kwa msuli. Utafiti uliofuata ulithibitisha hivyo. Hizo ni seli shina za msuli. Wakati wa kawaida zimelala usingizi. Msuli ukijeruhiwa zinaamka, zinazaliana, zinaungana, na kutengeneza nyuzi mpya au kuziba zile zilizochanika.

Sasa wataalamu walikuwa na askari upande mmoja na mafundi upande mwingine. Kilichokosekana ni kujua kama pande hizo mbili zinazungumza.

Figo na vidonge

Turejee Durban. Mwaka 1951, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, Chuo Kikuu cha Natal kilipokea wanafunzi wa kwanza katika shule ya udaktari iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika, Wahindi na machotara, huku hospitali ya King Edward VIII ikiwa mahali pa mafunzo. Kwa miaka zaidi ya 20, kijana mweusi aliweza kusoma katika shule hiyo namna msuli unavyofanya kazi, lakini hakuruhusiwa kushiriki rasmi mbio zinazopita katika mji huo huo. Tangu mwaka 2000 shule hiyo imepewa jina la Nelson Mandela, na mwaka 2004 chuo hicho kiliunganishwa na kile cha Durban-Westville kuwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal.

Madaktari wa Durban waliziona mbio za Comrades kwa jicho tofauti na la mashabiki. Wao waliwapokea walioanguka. Mwaka 1979 jarida moja la kitabibu lilichapisha taarifa ya wakimbiaji ambao figo zao zilishindwa ghafla kufanya kazi baada ya mbio. Mwaka 1989, Profesa Y. K. Seedat, bingwa wa magonjwa ya figo wa Durban, na wenzake walichapisha taarifa nyingine kuhusu wakimbiaji wa Comrades waliopatwa na hali hiyo.

Sababu hazikuwa moja. Msuli unapovunjika kwa wingi, humwaga ndani ya damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo figo hushindwa kuichuja. Mkojo huwa wa rangi ya chai nyeusi. Joto na upungufu wa maji mwilini huzidisha hatari. Maambukizi nayo yanaweza kuchangia. Lakini miongoni mwa visababishi kulikuwa na kimoja ambacho wakimbiaji walikimeza kwa hiari yao: dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Dawa za kundi hilo, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa mtu aliyepumzika na kunywa maji ya kutosha, huenda asidhurike kwa dozi chache. Kwa mtu aliyeko kilomita ya 70, mwili umekauka na misuli inavunjika, ni mchezo wa kuigiza na moto.

Hivyo onyo la kwanza kuhusu tabia ya kuzima uvimbe kwa vidonge lilitoka kwenye figo. La pili lilikuwa njiani, kutoka kwenye msuli wenyewe.

Wakati huo huo watafiti wengine walikuwa wakiuliza kinga ya mkimbiaji inapatwa na nini. Mwaka 1983 Edith Peters na mwenzake Eric Bateman walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji 150 wa mbio za Two Oceans za Cape Town. Katika wiki mbili baada ya mbio, asilimia 33.3 ya wakimbiaji walikuwa na dalili za mafua au koo kuuma, ikilinganishwa na asilimia 15.3 ya watu walioishi nao ambao hawakukimbia. Mwaka 1993 Peters, pamoja na Tim Noakes na wengine, walitoa matokeo ya utafiti kwa wakimbiaji wa Comrades. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 68 waliripoti dalili hizo. Kati ya waliopewa miligramu 600 za vitamini C kila siku, walioripoti walikuwa asilimia 33.

Baadaye, akiwa katika idara ya fiziolojia ya shule ya udaktari ya Durban, Peters aliendelea kupima damu za wakimbiaji hao akishirikiana na wataalamu kama David Nieman wa Marekani. Walichokuta ni kwamba baada ya mbio damu hujaa ujumbe wa kikemikali ambao seli za kinga hutumiana. Baadhi ya ujumbe huo huchochea uvimbe, na mwingine huutuliza. Yaani mkimbiaji aliyelala hoi kitandani, akidhani mwili wake umesimama, kwa hakika ana mkutano mkubwa ndani ya mishipa yake.

Hapa inafaa kusema kwamba wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaoshikilia kwamba kinga hudhoofika baada ya mbio ndefu na kuacha mlango wazi kwa vijidudu. Wengine wanajibu kwamba koo kuuma si lazima kuwe na maambukizi, na kwamba seli za kinga zinazopungua katika damu hazijafa, bali zimehamia kwenye viungo vinavyozihitaji. Msuli uliojeruhiwa ni moja ya mahali zinapokwenda.

Wabomoaji wanaogeuka wajenzi

Je, zikifika huko zinafanya nini? Jibu la wazi lilipatikana katika miaka ya 2000, hasa kwa majaribio ya panya.

Saa chache baada ya msuli kujeruhiwa, kundi la kwanza la seli nyeupe za damu, ziitwazo neutrofili, huingia kwa wingi. Hizi ni wabomoaji. Humwaga kemikali kali zinazoyeyusha mabaki ya nyuzi zilizokufa, na wakati mwingine huharibu hata kile kilichokuwa kizima jirani. Kisha, katika siku moja au mbili, hufuata makrofaji. Mwanzoni nazo ni kali: hula mabaki na kuita wenzao. Joto, uvimbe na maumivu ya kesho yake yanaendana na kazi hii.

Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Paris likiongozwa na Bénédicte Chazaud lilionyesha jambo lililobadilisha fikra za wengi. Makrofaji zile kali, baada ya kumeza mabaki ya msuli, hugeuka tabia papo hapo mahali pa kazi. Zinaacha kuchochea uvimbe na kuanza kuutuliza. Zilipokuwa kali zilizihimiza seli satelaiti zizaliane. Zikishatulia, zinazihimiza zikomae na kuungana kuwa nyuzi mpya. Watafiti hao walipowaondolea panya chembe zinazozaa makrofaji wakati wa kujeruhiwa, msuli haukujijenga upya kabisa. Walipoziondoa siku za baadaye, nyuzi mpya ziliota lakini zikawa nyembamba.

Kwa lugha ya mtaani, hii ni kazi ya fundi mwashi anayejua shughuli yake. Hapigi lipu mpya juu ya ukuta uliooza. Kwanza anabomoa palipolegea, anazoa kifusi, ndipo anachanganya saruji. Ukimfukuza siku ya kwanza kwa sababu ya kelele na vumbi, huna haki ya kumuuliza siku ya tano kwa nini ukuta haujasimama.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika maabara ya Diane Mathis na Christophe Benoist, waliongeza mhusika mwingine: seli T za udhibiti, aina ya seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza ghasia. Walizikuta zimekusanyika ndani ya msuli uliojeruhiwa, na bila hizo ukarabati ulikwenda vibaya. Mwaka 2021 watafiti wa Australia, wakitazama msuli wa samaki wadogo wenye milia wakiwa hai, waliona makrofaji zikijibanza kando ya seli shina na kuzipa ishara ya kuanza kuzaliana.

Afrika Kusini haikubaki mtazamaji. Mwaka 2008, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, wakiwemo Carine Smith na Kathryn Myburgh, walichapisha mapitio marefu kuhusu utata wa uvimbe katika msuli uliojeruhiwa. Na katika kampasi ya Pietermaritzburg ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, yaani kwenye ncha ya pili ya barabara ile ya Comrades, Carola Niesler na wenzake wamekuwa wakichunguza maabara namna makrofaji na seli nyinginezo zinavyoathiri seli changa za msuli zinapojipanga na kuungana.

Barafu, vidonge na subira

Matokeo haya yamewalazimu madaktari na makocha kuyatazama upya mazoea ya miaka mingi.

Mwaka 1978 daktari wa Marekani Gabe Mirkin alieneza kanuni iliyokuja kujulikana dunia nzima: ukiumia pumzika, weka barafu, funga bendeji na inua kiungo. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu huenda inachelewesha kupona, kwa kuwa inazuia seli za kinga kufika mahali pa jeraha. Barafu bado inapunguza maumivu, na hilo si jambo dogo. Lakini kupunguza maumivu na kuharakisha kupona si kitu kimoja.

Kuhusu vidonge, utafiti uliofanywa nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 2007 uliwahusu wanaume 14 wenye mazoea ya kukimbia. Walikimbia kilomita 36, baadhi wakiwa wamemeza dawa ya kupunguza uvimbe, indomethasini, na wengine kidonge kisicho na dawa. Siku ya nane baada ya mbio, seli satelaiti ziliongezeka kwa asilimia 27 katika misuli ya wale wasiotumia dawa. Kwa waliotumia dawa, ongezeko hilo halikuonekana.

Si busara hata hivyo kuruka kutoka utafiti mmoja hadi amri. Utafiti mwingine, wa watu walioumizwa misuli kwa njia tofauti, haukukuta madhara kama hayo, na kwa wazee wanaofanya mazoezi ya uzito dawa za kundi hilo zimeonekana kusaidia. Tena ipo hali ambayo uvimbe ni adui kweli. Katika ugonjwa wa kurithi wa misuli unaoitwa Duchenne, unaowapata hasa watoto wa kiume, nyuzi huchanika kila siku, wabomoaji hawaondoki kamwe, na badala ya msuli mpya hujengeka makovu na mafuta. Kwa watoto hao, dawa za jamii ya kortikosteroidi zinazotuliza kinga huwasaidia kutembea kwa miaka zaidi.

Kwa hiyo funzo si kwamba uvimbe ni mwema wakati wote. Funzo ni kwamba uvimbe una majira yake. Unatakiwa uanze, ufanye kazi, kisha uondoke. Usipoanza, hakuna ujenzi. Usipoondoka, ujenzi hugeuka ubomoaji usio na mwisho.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa mkimbiaji wa Durban mwenye gari la wagonjwa nyuma yake. Katika miji na vijiji vyetu, dawa za kupunguza uvimbe huuzwa katika maduka ya dawa, na mara nyingi mnunuzi haulizwi lolote. Mbeba mizigo humeza kidonge asubuhi ili aweze kubeba, na kingine jioni ili aweze kulala. Mchezaji wa mtaani humeza kabla ya mechi. Maumivu yanayozimwa hivyo hayapungui kwa sababu msuli umepona. Yananyamazishwa, na mtu hurudi kuuchana msuli ule ule kabla fundi hajamaliza kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa unazibwa na mwili wenyewe, ilimradi upewe muda, maji, chakula chenye protini na mwendo mwepesi. Na mwenye mkojo wa rangi ya chai nyeusi baada ya kazi nzito au mbio ndefu asisubiri wala asimeze kidonge cha maumivu. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Clapham alitaka mbio zake zipime uvumilivu wa binadamu kama ule alioushuhudia katika nyika za Afrika Mashariki. Zimepima pia jambo ambalo hakulidhania. Karne moja baadaye tunajua kwamba uvumilivu hauishii kwenye utepe wa mwisho. Sehemu yake kubwa hufanyika baada ya hapo, kimya kimya, katika siku zile ambazo mkimbiaji hawezi kushuka ngazi, na seli zisizoonekana kwa macho zinazoa kifusi na kuanza kujenga.